Panya Aliyenitazama Mimi

Makindye, Alhamisi, baada ya alasiri

Mastura mwanangu,

Barua za zamani, zile tulizokuwa tukiandikiwa na jamaa zetu wa Bombo na Kibera, zilianza zote kwa namna moja: mimi huku ni mzima, hofu yangu ni juu yako uliye mbali. Nimeyaandika maneno hayo mara mbili na mara mbili nimeyakata, maana safari hii yamekaa miguu juu kichwa chini. Wewe ndiye mzima. Hofu iko huku kwangu, na sababu yake nataka niiandike kabla hujarudi kutoka sokoni Kalerwe.

Umekwenda na shangazi yako Zainabu kununua simsim, huo ufuta wetu, eti Nairobi hakuna simsim. Najua hamtarudi kabla ya magharibi, kwa sababu dada yangu huyo hawezi kumpita muuza nyanya bila kugombana naye kwanza. Kwa hiyo nina muda. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Wewe unanijibu kwa Kiganda, na ukikasirika kwa Kiingereza, lakini mimi ni mtoto wa askari Mnubi, nimekulia katika nyumba za polisi kule Nsambya, na Kiswahili ndicho nilichogombezewa nacho. Jambo hili nikilisema kwa lugha nyingine nitalipaka sukari.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa wala ufunge mlango. Umeiendesha nyumba hii tangu mama yako alipofariki, na kama kuna mtu wa kuachiwa maagizo hapa, basi ni mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Juzi Jumanne nilikusikia uani ukimwambia Zainabu kwamba utaandika kuomba nafasi yako ya Nairobi iahirishwe mwaka mmoja. Ulisema, "Shangazi, simwachi Baba hivi." Nilikuwa dirishani nikitafuta miwani iliyokuwa usoni mwangu. Hivi, ulisema. Tangu Jumanne neno hilo linanizungukia. Basi linaondoka kesho alfajiri, tiketi yako iko mkobani, na mimi mpaka sasa sijui kama utapanda. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mtu ambaye kwa miaka mingi sikuandika ila majina ya panya.

Wanakucheka mtaani, najua. Msichana amesoma mpaka amemaliza, halafu anakwenda Nairobi kukaa na panya wazee, kuchunguza namna mnyama anavyoanza kupoteza kumbukumbu kabla mtu hajagundua. Mzee Kasule aliniuliza kwa heshima zote kama hakukuwa na kazi ya binadamu. Mimi siwezi kucheka. Panya ndio waliokulipia shule, na wao ndio walionifundisha jambo ambalo nililifahamu kwa kuchelewa, na kuchelewa kwangu kulimgharimu mama yangu. Sijawahi kukusimulia. Umesikia tu kwamba Baba alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya wanyama ya watafiti. Leo nakusimulia yote.

Kazi yangu ilikuwa kufua matandiko, kubadilisha maji, kupima chakula, kuziba matundu. Kisha akaja Daktari Nambi na utafiti wake wa uzee. Huyu alikuwa amesomea Dar es Salaam, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na alikuwa mtu wa maneno machache. Alituletea tangi la duara, pana kuliko kitanda cha watu wawili. Tulilijaza maji, tukakoroga unga wa maziwa mpaka chini hapaonekani. Ndani yake, chini kidogo ya uso wa maji, kulikuwa na kijukwaa cha kusimama panya mmoja. Ukutani tulibandika nyota, pembetatu na msalaba mweusi, ili panya azitazame zimwongoze. Unamtia majini, anaogelea, anatafuta pa kukanyaga. Siku za kwanza anahangaika. Baada ya siku kadhaa amekariri, unamwachia tu naye ananyoosha mpaka kijukwaani. Tuliwarudia mwezi baada ya mwezi huku wakizeeka, kutazama ni lini hasa kumbukumbu inaanza kulegea.

Daktari Nambi alikuwa akisema, "Mzee Ramadhani, panya aliyekwisha kusahau kila mtu anamwona. Mimi namtafuta yule anayeanza."

Kamera iliyokuwa darini iliharibika, na nyingine tuliingoja sana. Kwa hiyo nilipewa saa ya kuhesabia sekunde na rundo la karatasi zenye duara, nichore kwa penseli njia aliyopita kila panya. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho wewe utakisoma kwenye vitabu. Panya wawili wanaweza kufika kwa sekunde zilezile, mmoja amekata katikati kwa sababu anajua aendako, mwingine amepita ukingoni, ubavu ukigusa ukuta, mpaka akabahatika. Anayepotewa huanza kupenda ukingo. Ukiandika sekunde peke yake, wote wawili ni wazima.

Kulikuwa na jike mmoja mweupe, sikio moja limekatika, mwenye mwendo wa madaha. Nilimwita Bibi Harusi. Wenzake walianza kuchelewa mmoja mmoja, wakaanza kutembea na ukuta. Bibi Harusi hata kidogo. Ukimtia majini anakwenda kama aliyetumwa. Karatasi zake zilikuwa mstari mmoja tu ulionyooka, na Daktari Nambi alianza kuzipenda, akasema huenda ubongo wa huyu una kinga fulani, huenda ndiye atakayetuonyesha njia. Nilivimba kichwa. Nilikuja nyumbani nikamwambia mama yako kwamba panya wangu ataandikwa vitabuni.

Lakini mimi nilikuwa najua kitu ambacho Daktari hakukijua. Bibi Harusi alikuwa akinitazama. Kila alipotiwa majini, kabla hajapiga hata mguu mmoja, aligeuza pua akanitafuta. Nilisimama siku zote mahali pamoja, kando ya sinki, kwa sababu hapo sakafu haikuteleza. Kofia yangu nyeupe, koti langu jeupe. Akishaniona ndipo anaondoka. Sikulisema. Nilijipa sababu kwamba karatasi haikuwa na nafasi ya kuandika panya anatazama wapi. Sababu ya kweli ni kwamba nilipenda kutazamwa. Ni mimi niliyemlisha, nikadhani ananipenda, na mtu akidhani anapendwa haulizi maswali.

Kisha nikafiwa na binamu yangu, nikaenda mazikoni, na mwenzangu Mukasa akashika zamu yangu. Mukasa alikuwa amewahi kuwa mwanajeshi na Kiswahili chake ni kile cha kambini. Niliporudi alinipokea mlangoni.

"Musee, pole na msiba. Lakini ile bibi halusi yako imesahau kila kitu. Inazunguka kwa ukuta tu, inazunguka, mpaka mimi natoa yeye kwa mukono. Nasema kweri."

"Ulimtia vibaya," nilimwambia. "Ulimtisha."

Siku hiyohiyo tukamrudisha majini, mimi nimesimama kwenye sinki langu, naye akaenda moja kwa moja. Nikamcheka Mukasa. Daktari Nambi hakucheka. Aliziweka karatasi mbili sambamba mezani, ya kwangu na ya Mukasa, akazitazama kwa muda, halafu akauliza, "Mukasa, ulisimama wapi?"

"Kwa mulango, Dakitari."

Akaniambia, "Mzee, nenda kasimame mlangoni."

Nikaenda. Wakamtia Bibi Harusi. Akageuza pua kwenye sinki, hakuniona. Akazunguka taratibu mpaka akanipata mlangoni. Akaondoka kwa mstari ulionyooka, mwanangu, kwa uhakika wote, mpaka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akaanza kupapasa kwa miguu pale penye maji matupu. Hakwenda kutafuta kwingine, kwa maana kwa hesabu yake alikuwa amekwisha kufika. Nilishindwa kuvumilia, nikapiga hatua nikanyoosha mkono.

"Mwache," alisema Daktari. "Usimsaidie tena."

Alikuwa amesahau zamani. Nyota, pembetatu, msalaba, vyote havikumwambia kitu, na hatukuweza kujua tangu mwezi gani. Alibakiwa na alama moja tu duniani, nayo ni mimi. Karatasi za miezi mingi hazikuwa na maana tena. Nilitazamia kufukuzwa kazi. Daktari Nambi alivua miwani, akafuta, akasema, "Mzee, hukumdanganya mtu. Lakini ulikuwa unaona." Nilikuwa tayari kutukanwa. Maneno hayo yake ndiyo yaliyonichoma zaidi.

Tulishona pazia, tukalizungusha tangi zima, na tangu siku ile mwenye kuchora alikaa nyuma ya pazia akichungulia tunduni. Bibi Harusi alipofika mwisho wake nilimbeba mwenyewe, kwa sababu kazi ile haina upole mwishoni na nisingependa abebwe na mgeni. Nilisema bismillahi moyoni. Daktari alipoupima ubongo wake aliniita nichungulie kwenye darubini. Sikuelewa nilichokiona ila rangi, lakini alinionyesha kwa ncha ya kalamu palipokuwa pameharibika, akasema si pa jana wala juzi.

Sasa sikiliza aibu yangu. Jioni ya siku tuliyotundika pazia, nilirudi hapa Makindye, nikavua viatu, nikaingia ndani, nikasimama kando ya mama yangu kama nilivyosimama kando ya sinki. Nyani haoni kundule.

Haboba wako, maana sisi Wanubi bibi tunamwita haboba, alikaa katika chumba ambacho sasa ni chako. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa ukikaa miguuni pake ukichezea nyuzi zake. Alikuwa akisuka makawa ya kufunikia chakula, yale ya rangi nyingi, na mkono wake ulijulikana mpaka Bombo. Huenda unakumbuka nyuzi. Hukumbuki kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikizipanga kila asubuhi kabla sijaenda kazini, nyekundu, kijani, zambarau, nyeusi, kwa mpangilio, kwa sababu siku moja nilimkuta amezishika zote mkononi anazitazama tu. Nikazipanga. Akasuka. Kesho yake nikazipanga tena.

Na wageni. Unajua adabu yetu. Mzee hafedheheshwi. Mgeni akiingia na mzee akachelewa kumtambua, wewe mtoto unawahi, unamtaja kwa sauti kabla hajaketi. "Mama, Mama Safia huyu hapa, amekuja kutoka Bombo kukuona." Naye mama anafunguka uso: "Safia! Karibu, karibu, watoto hawajambo?" Hakuna aliyejua. Wageni walinisifu, wakasema Mama kabarikiwa mtoto. Akiuliza jambo mara tatu, nilijibu mara tatu kana kwamba ni mara ya kwanza, maana kumwambia mzazi "umekwisha kuuliza" ni kumkemea. Nilifanya hivyo miaka miwili, labda mitatu. Niliona, mwanangu. Sikukosa macho. Niliona na nikapenda kuwa yule anayemtosheleza mama yake.

Kisha nikasafiri na Daktari kwenda Mbarara siku mbili. Mama yako alikuwa kazini, wewe shuleni. Wageni walikuja na hapakuwa na wa kuwataja. Tulikuja kuambiwa baadaye na jirani kwamba aliwatazama, akawaaga kana kwamba yeye ndiye mgeni, akachukua mtandio akatoka. Walimkuta magharibi kwenye lango la nyumba za polisi Nsambya. Alikuwa akimwomba askari wa zamu amfungulie apite, akapike, mume wake anakaribia kutoka kazini. Babu yako alikuwa amekwisha kuzikwa miaka mingi.

Yule askari, mwanamke, Mungu amlipe, hakumfukuza. Alimletea kiti. Aliniambia nilipomfuata kumshukuru, "Mimi nasema, Mama, hapa hakuna mutu ya jina hiyo. Yeye nasema, basi mimi nangoja. Sasa mimi nafanya nini? Tunangoja sisi wawili."

Tulimpeleka hospitali. Daktari wa pale alikuwa na swali moja la kwanza: ilianza lini? Zainabu akasema mwezi uliopita. Mama yako akasema tangu Idi. Wakanigeukia mimi, mtu niliyelipwa mshahara kwa kutazama wazee wanaosahau, na mimi nikasema sijui. Ulikuwa uongo, na pia ulikuwa kweli. Nilikuwa nimesimama pale kila siku na sikuandika hata siku moja.

Nisikudanganye kwamba angepona. Kwa miaka yote ile sikuona panya aliyerudi. Lakini kuna miaka miwili hapo katikati ambayo mama yangu angeweza kuambiwa akasikia. Angelia, angekasirika, angenitupia kiatu, kisha angekaa chini akasema mambo yake kwa mdomo wake. Mimi nilimnyima hiyo miaka kwa heshima. Hatukuwahi hata kumuuliza anataka kuzikwa wapi. Watu wake wako Bombo, mume wake yuko hapa Kampala. Tulipomuuliza hatimaye, Zainabu na mimi tumepiga magoti kitandani pake, alitutazama kwa upole akajibu kwamba mkate uko tayari. Zainabu alitaka Kampala, mimi nikashikilia Bombo, tukagombana mbele ya jeneza. Nikashinda. Mpaka leo ninapokwenda kumwombea dua simwambii lolote kabla sijamwomba radhi, kwa sababu sijui kama nilimpeleka kwao au nilimtenga na mumewe.

Haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nije kwangu mimi.

Ulipokwenda Nairobi kwa usaili, ulikaa siku tatu. Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Nilitoka msikitini baada ya sala nikashika njia ya nyumbani. Unaijua ile njia ya nyuma ya karakana za maseremala, naipita tangu kabla hujazaliwa. Nilifika pale inapokata, nikasimama. Njia niliiona. Ilikuwa palepale, na maranda ya mbao chini, na kuku wa watu. Lakini sikuweza kujua inatokea wapi. Nililitafuta kichwani hilo tokeo na hapakuwa na kitu. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, mimi niliyevaa kandambili. Kisha nikafuata barabara kuu, nikakizunguka kilima chote, bega langu karibu na kuta za watu. Nilifika kwa wakati wa chakula. Zainabu, aliyekuja kunipikia, akapakua, tukala, hakuona kitu. Sekunde zilikuwa nzuri.

Siku ya tatu alikuja Mzee Kasule. Alisimama mlangoni anatabasamu, rafiki yangu wa miaka thelathini, na mimi nikangoja. Nilikuwa nangoja nini? Nilijiuliza hivyo huku nikimtazama meno. Kisha nikafahamu kwamba nilikuwa nangoja sauti kutoka jikoni. "Baba! Mzee Kasule huyu hapa!" Umeisema kwa muda gani, Mastura? Nilidhani ni adabu njema tu. Jikoni siku hiyo kulikuwa kimya.

"Mze Ramadhani, namna gani?" akaniambia. "Leo unaniangalia kama polisi anaangalia mwizi?"

Nikacheka, nikamwambia ingia ndugu yangu, ingia. Jina lake lilikuja akiwa amefika nusu ya chai. Nilishukuru kana kwamba nimeokota mtoto aliyepotea. Alipoondoka nikaenda sandukuni nikatoa karatasi moja ya zamani yenye duara, nikachora njia yangu ya Ijumaa. Nimeikunja humu ndani ya bahasha. Nimeiandika siku na saa. Ni karatasi ya kwanza ninayoweza kuapa kwamba haina msaada wa mtu.

Kwa hiyo najua, na najua kwamba wewe unajua. Miwani unayoniwekea palepale kila jioni. Dawa za presha kwenye kikombe cha buluu. Unavyomalizia sentensi yangu halafu unakohoa ili ionekane nimemaliza mwenyewe. Ulijifunza wapi, kama si kwangu, ukiwa umekaa kwenye nyuzi za haboba wako? Sijakasirika. Nimekasirika kidogo. Zaidi naona haya, kwa kuwa jambo baya kuliko yote niliyowahi kumfanyia mtu, wewe uliliona utotoni ukadhani ndio wema.

Ukiahirisha, watu watakusifu. Watasema Ramadhani kabarikiwa mtoto. Nami nitaendelea vizuri, nitapokea wageni, nitauliza watoto hawajambo, nitakuwa mstari mmoja ulionyooka kutoka kwako mpaka kwako. Utanificha kwa mapenzi mpaka siku utakapokwenda sokoni nami nitoke na kofia yangu kwenda kugonga lango la watu. Sitaki. Nakukataza, na unajua ni mara chache nimekukataza jambo tangu ukue. Panda basi. Ukiondoka nitapotea kidogo, na huo upotevu mdogo ndio ninaoutaka uonekane sasa, wakati bado naweza kuusimulia mwenyewe.

Usidhani nimelala. Jana, ulipokwenda kuaga rafiki zako, nilimwambia Zainabu yote. Alilia, kisha akanigombeza kwa kutomwambia mapema, kisha akala mikate yote ya gurusa aliyokuwa amemletea mgonjwa mwingine. Anahamia hapa Jumamosi. Nyumba itakuwa na kelele za kutosha. Jumatatu ananipeleka kliniki. Nimemkataza kunijibia. Huenda ni sukari, huenda ni presha, huenda ni uzee tu umebisha hodi, na nikiambiwa hivyo nitakucheka kwa simu kwa barua hii ndefu. Lakini kama ni lile, basi wakiniuliza ilianza lini nitajibu.

Na haya nayasema leo kwa mdomo wangu, yasije yakagombewa. Nizikeni Bombo, kando ya mama yangu. Kama nilimweka pasipo pake, basi asikae pale peke yake. Nikifika mahali pa kumtukana anayenilisha, aambiwe nilikuwa mtu wa haya na kwamba niliomba radhi mapema, leo Alhamisi. Mkinikuta natoka nje kila magharibi, msinifungie kwa kufuli; mtu mmoja atoke nami tuzunguke. Na makawa ya haboba yaliyobaki ni yako, yote, hata lile lililokosewa rangi. Hasa hilo. Litazame vizuri utaona alipoanzia, mahali ambapo kijani imeingia kwenye zambarau bila kualikwa. Ilikuwa wazi kwa kila mwenye kula nyumbani humu na sisi tulikuwa tukilifunua tu tupate wali.

Kuhusu kazi yako sina mengi, wewe umesoma na mimi nilifua. Wape panya wako majina. Watakukataza, wewe wape kimyakimya. Lakini ukimwona mmoja anafanya vizuri kuliko wote, kabla hujafurahi, uliza nani amesimama wapi. Na wewe mwenyewe ukijikuta unapenda namna anavyokutazama, liandike hilo kwanza kabla ya sekunde. Hawakuomba kuletwa pale. Tunachoweza kuwalipa ni kuona kweli.

Nasikia sauti ya Zainabu bondeni, kwa hiyo mko karibu, na nadhani ameshindwa vile vita vya nyanya. Nitaiweka barua hii kwenye mkoba wako, juu ya tiketi, uione leo usiku. Usinijie nayo kesho asubuhi, sitaki tulie mbele ya kondakta. Isome tena mkishavuka mpaka.

Jambo la mwisho. Utanipigia simu kila Jumapili, najua, na najua utataka kuanza kwa kusema, "Baba, ni mimi Mastura." Usiseme. Salimia tu, kisha ungoje. Nikinyamaza, nyamaza nami, hata kama kimya kitakuuma, hata kama unanisikia napumua natafuta. Niache nikutafute mwenyewe. Jumapili nitakayokukosa, kwanza andika tarehe. Halafu niambie jina lako.

Baba yako,
Ramadhani